Matundu ya chupa na meza kwenye magari: si urembo, na yaangalie kabla hujanunua

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini magari yanayoshuka bandarini siku hizi yana matundu ya kuwekea chupa kila kona, mengine hadi meza, wakati Corolla ya mzee wako haikuwa na hata tundu moja. La pili, kama hilo ni la kuzingatia unapochagua kati ya Toyota Aqua na Toyota Probox kwa ajili ya familia na mizigo midogo ya duka. Waliotangulia wamekujibu kwamba ni urembo tu. Naomba nipingane nao. Kazi yangu ni kusafisha magari ndani na kushona siti hapa Dar, kwa hiyo kila siku naona watu wanakula nini garini na chakula hicho kinaishia wapi.

Kwa kifupi, wanaofungasha vyakula na wanaochora magari wanafuatana. Huyu akibadilisha chupa, yule anabadilisha mlango. Yule akiongeza meza, huyu anatengeneza chakula cha kuliwa juu yake.

Walioanza ni Wamarekani. Migahawa ya In-N-Out ilikuwa inauza chakula kwa watu walio ndani ya gari huko California tangu 1948. McDonald's walifungua dirisha lao la kwanza la magari mwaka 1975, mji wa Sierra Vista, Arizona, kwa sababu askari wa kambi ya Fort Huachuca walikuwa hawaruhusiwi kushuka garini barabarani wakiwa wamevaa sare za kazi. Lakini magari yenyewe yalichelewa. Chakula kilikuwa kinaingia dirishani, ndani hakuna pa kukiweka. Chrysler ndio waliotoa gari la familia lenye sehemu maalumu za vikombe mwishoni mwa 1983, na likauzika sana.

Gharama ya kuchelewa huko ilionekana Februari 1992 mjini Albuquerque. Bibi wa miaka 79 alinunua kahawa ya McDonald's dirishani akiwa na mjukuu wake. Mjukuu akasimamisha gari pembeni ili bibi aweke sukari na maziwa. Gari lilikuwa Ford Probe ya 1989, halina pa kuwekea kikombe. Bibi akakibana kikombe katikati ya magoti, akafungua kifuniko, kahawa yote ikammwagikia mapajani. Kahawa hiyo ilikuwa ikiuzwa na joto la kati ya nyuzi 82 na 88. Alilazwa siku 8, akapandikizwa ngozi. Aliwashtaki McDonald's, na kesi ilipoamuliwa mwaka 1994 watu wengi walimcheka, eti analipwa kwa kumwaga kahawa. Ukilisoma tukio lile kwa utulivu hakuna cha kuchekesha: kinywaji kilitengenezewa mtu aliye safarini, na gari halikuwa na mahali pa kukishikilia.

Sasa tuje Japani, maana huko ndiko yanakotoka magari yetu. Watengeneza vinywaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutouza vinywaji kwenye chupa ndogo za plastiki, kwa kuogopa takataka. Makubaliano hayo waliyaondoa mwaka 1996, na ile chupa ya nusu lita ikatapakaa nchi nzima. Linganisha gari la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 90 na la 2005. La kwanza mfuko wake wa mlangoni ni mwembamba, wa kuweka ramani na karatasi. La pili mlango umechongwa shimo la mviringo kabisa, na ukiweka chupa ya nusu lita inakaa bila kucheza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hiyo hiyo Probox unayoitaka. Ilitoka 2002 kama gari la kazi. Walipoichora upya mwaka 2014, wachoraji walimfikiria mtu mmoja tu: ofisa mauzo anayeshinda barabarani na kula mchana ndani ya gari. Wakaweka meza ya kuvuta kutoka kwenye dashibodi, mahali pa kuwekea simu, na sehemu ya kinywaji yenye nafasi ya kuingia pakiti ya lita 1, ile ya pembe nne ya maziwa au chai. Ipime ukipata nafasi. Pakiti ya pembe nne haikai kwenye tundu la mviringo, ndiyo maana sehemu ile ina umbo lake. Mtu aliitazama pakiti ya dukani, kisha akachora plastiki ya gari.

Kwetu historia ni tofauti kidogo. Soda ya chupa ya kioo ulikuwa unainywa palepale dukani, umesimama au umekaa kwenye benchi, kisha unarudisha chupa. Ukitaka kuondoka nayo unaacha pesa ya chupa. Ni wachache waliopanda nayo garini. Zilipoenea soda za takeaway, zile za chupa ya plastiki, kinywaji kikahama kutoka benchi la duka kwenda kwenye gari. Vikaja vinywaji vya kuongeza nguvu, Azam Energy, Mo Xtra na wenzake, ambavyo wanywaji wake wakubwa, kwa magari ninayoyasafisha, ni madereva wenyewe: wa teksi za mtandaoni, wa malori, wa daladala. Juisi nazo zikapata kifuniko cha kuzungusha, unakunywa nusu, unafunga, unaendelea.

Halafu kuna foleni. Muuzaji wa kwenye foleni ana muda mfupi tu kabla magari hayajasogea, kwa hiyo anauza kitu kinachopita dirishani, chenye bei isiyosumbua chenji, kinacholiwa kwa mkono mmoja. Karanga, korosho, bisi, kashata, ubuyu, maji. Zamani karanga zilikuwa kwenye kikaratasi alichosokota muuzaji mwenyewe. Leo nyingi zimefungwa kwenye pakiti zenye jina na nembo, saizi ya kiganja. Viwanda vyetu vidogo vimeisoma foleni vizuri kuliko hata wachoraji wa magari, maana gari lililochorwa Japani halikutegemea maganda ya karanga wala kokwa za ubuyu. Hakuna tundu la kuvitupia. Vinaishia kwenye reli za siti na kwenye zulia.

Jambo jingine lililogusa kazi yangu moja kwa moja ni marufuku ya mifuko ya plastiki ya 1 Juni 2019. Chipsi za zamani zilifungwa ndani ya rambo, likapigwa fundo, mafuta yakabaki humo humo. Sasa zinabebwa kwenye mfuko wa karatasi au ule mbadala unaofanana na kitambaa, na mafuta yanapita. Siti ya abiria wa mbele ndiyo inayoumia, kwa sababu ndiko watu wanakoweka mfuko wa chakula cha kupeleka nyumbani. Sitaki rambo lirudi, maana mitaro ya mji huu naijua ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba kifungashio kimebadilika na gari halijabadilika, kwa hiyo weka trei au beseni dogo chini, miguuni kwa abiria, chakula kikae humo.

Sasa lile la Aqua, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu lina pesa ndani yake.

Aqua ya kwanza, iliyotoka Desemba 2011, ni ya haibridi, yaani inatumia petroli na umeme, na betri lake la haibridi liko chini ya siti ya nyuma. Betri hilo linapata joto kila linapochajiwa na kila linapotumika. Linapozwa na feni inayovuta hewa ya humu humu ndani mwenu, ile ile mnayopuliziwa na AC, kupitia tundu lenye wavu lililo chini ya siti ya nyuma, upande wa miguuni kwa abiria. Kwenye Prius za zamani liko ubavuni mwa siti ya nyuma. Sasa fikiria nani anakaa nyuma: watoto. Na wanakula nini: biskuti, bisi, karanga, ubuyu.

Nikifungua kifuniko cha tundu hilo kwenye gari la familia ambalo halijawahi kusafishwa, nakuta vumbi limeshikana na nywele kama blanketi dogo, ndani yake maganda mekundu ya karanga, chenga za biskuti, na sukari ya ubuyu iliyoyeyuka ikagandia kwenye wavu. Mara nyingine karatasi ya pipi imefunika nusu ya tundu. Feni inavuta lakini hewa haipiti. Betri likipata joto kupita kiasi, kompyuta ya gari inapunguza matumizi yake, injini inafanya kazi zaidi, ulaji wa mafuta unapanda, na nyuma unasikia feni ikivuma kwa nguvu. Ukiendelea kupuuza, taa ya onyo inawaka, na betri lenyewe linazeeka kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo ukiambiwa na fundi kwamba betri la haibridi limekufa, kabla hujatoa hata shilingi mwambie afungue tundu hilo mbele yako. Na ukishonesha kava za siti, hakikisha pindo la siti ya nyuma haliteremki likafunika wavu. Nimeziona kava nzuri za ngozi ambazo zimefunga tundu lote. Mimi nikishona za Aqua au Prius naacha pale wazi, mteja akipenda asipende.

Vioo vya kugusa vya kwenye dashibodi navyo ni sehemu ya mwelekeo huu wa sasa, japo vina uadui wao na chakula. Kioo kinasoma kidole kikavu. Kidole chenye mafuta ya chipsi au chenye maji ya chupa baridi kinakichanganya, unabonyeza mara tatu hakuna kitu, na macho yameshatoka barabarani. Ulaya wameliona hilo: Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari mapya, kuanzia 2026 wanazipa alama gari zenye swichi halisi kwa mambo ya msingi kama indiketa, honi, waipa na taa za hatari. Volkswagen nao wameshatangaza kurudisha vitufe. Kwa hiyo ukikuta gari la miaka ya nyuma lenye vitufe vya AC vya kuzungusha, usilidharau kwa kuona limepitwa. Ubaya wa vitufe ni soda: ikimwagika ikakauka, sukari inanata na swichi inakwama. Hapo usipulizie maji. Kitambaa chenye unyevu kidogo na brashi laini vinatosha, ukianza mapema.

Huko mbele gari linaelekea kuwa chumba cha kulia. Wachina wameweka friji kabisa, kama Li Auto L9 iliyotoka 2022. Baadhi ya Land Cruiser 200 na Prado 150 zilikuwa tayari na kisanduku cha ubaridi katikati ya siti za mbele. Magari ya umeme yamesukuma zaidi kwa sababu mtu anakaa akisubiri chaji, na Tesla mwaka 2025 wakafungua mgahawa wao Los Angeles wenye chaja nje. Hayo yatatufikia yakiwa mitumba, kama yalivyotufikia matundu ya chupa.

Kwako wewe, kwa maelezo uliyotoa ya mke, watoto wawili na katoni za duka, ningechukua Probox ya kuanzia 2014. Mzigo unaingia bila kupigana, plastiki zake nyingi si zile nyeusi za kung'aa zinazochubuka kwa kila kitambaa, na meza ile utaitumia kuandikia risiti kuliko hata kulia chakula. Angalia tu kama unauziwa ya petroli au ya haibridi, maana ya haibridi ipo tangu 2018 na mambo ya betri niliyosema yanakuhusu. Kama safari zako nyingi ni za mjini kwenye foleni na mizigo ni ya mara moja moja, Aqua itakupunguzia sana mafuta, ila uweke sheria nyumbani kwamba siti ya nyuma hailiwi karanga wala ubuyu, na wavu usafishwe kila unapofanya sevisi.

Ukifika yadi, usiishie kuwasha injini. Inua mikeka yote na unuse zulia kwa karibu. Harufu ya maziwa iliyoingia kwenye sponji ni ngumu kuitoa, na wauzaji wengi wanaifunika kwa manukato. Siku maziwa yakimwagika kwako, anza na maji ya baridi, usitumie ya moto, kwa sababu moto unayagandisha kwenye kitambaa. Vuta siti ya dereva mbele na nyuma usikie kama reli inakwaruza. Weka chupa ya nusu lita kwenye kila tundu, ya mlangoni na ya katikati, uone kama inashikika, kwa sababu chupa inayotoka ikabiringika hadi chini ya pedali ya breki inaweza kuua watu. Kisha piga magoti nyuma, washa tochi ya simu, utazame wavu wa betri.

Kama una picha za ndani za gari unalolifikiria, ziweke hapa, hasa ya chini ya siti ya nyuma, nitakuambia ninachokiona.