Albamu ya bure au ya kuuza? Mimi nimejaribu zote mbili

Ndugu, umeuliza kama albamu yako ya ala tupu uitoe bure au uiuze. Hapa Mombasa nimefanya yote mawili, na la kwanza lilinitia hasara.

Machi 2008, siku chache tu baada ya Kibaki na Raila kutia saini mapatano, nilikuwa kijana wa zamu kwenye saiba karibu na Barabara ya Digo. Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ya Trent Reznor inayopiga roki ya makelele ya mashine, wakatoa albamu ya Ghosts I–IV, vipande 36 visivyo na uimbaji. Tisa vya kwanza walivitoa bure. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, kwani nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, kwa hiyo kupakua hivyo tisa kulinikesha hadi adhana ya alfajiri.

Mimi mtoto wa Likoni, makelele ya vyuma nimeyazoea. Feri ikishusha mlango wake kwenye zege, hiyo kwangu ni ngoma. Basi 2011 nikarekodi feri na winchi za bandarini kwa simu, nikatengeneza vipande 11, nikavigawa vyote bure hadi kwa makanga wa Bamburi. Vikaenea kweli! Siku moja nasikia kipande changu ndani ya tangazo la duka redioni. Nikaenda kudai. Wakaniuliza, "Si ulisema bure?" Sikuwa na la kujibu, maana sikuandika sharti lolote.

Kumbe kwa Trent Reznor nilikuwa nimelisoma neno "bure" peke yake. Alikuwa ameshaachana na kampuni ya rekodi, akapanga ngazi yake mwenyewe: vyote 36 kwa dola 5, sidii mbili dola 10, toleo zuri dola 75, na juu kabisa toleo la dola 300 lenye nakala 2,500 tu. Hizo ziliisha kwa siku chache. Piga hesabu: dola 750,000 kwa ngazi moja. Najua, yeye alikuwa na jina tayari na sisi hatuna, lakini ngazi hata fundi wa mtaani anaweza kuijenga.

Na leseni ya Creative Commons aliyoitumia, yaani ruhusa ya wazi ambayo mwenye kazi huwapa watu wote kwa masharti, iliruhusu watu kuuchezea muziki wake, ila si kwa biashara. Ndiyo maana Old Town Road ya rapa Lil Nas X, iliyojengwa juu ya kipande cha 34 cha Ghosts na kukaa wiki 19 kileleni mwa chati ya Marekani mwaka 2019, inawataja Reznor na mwenzake Atticus Ross kama watunzi. Mimi kwa lile tangazo la duka sikupata hata soda.

Mara ya pili nilitoa vitatu bure, leseni imeandikwa wazi. Albamu nzima shilingi 100 kwa M-Pesa. Halafu flashi 20 ndani ya visanduku vya mbao alivyonichongea fundi wa Mji wa Kale (alinizungusha miezi miwili, mpatie tarehe ya uongo), kila kimoja 1,500. Niliuza 14, na wanunuzi karibu wote walikuwa wameshasikia vile vya bure. Sita vimebaki nyumbani. Kimoja mama anatilia udi. Ukitaka kuona mfano kabla hujaagiza vyako, niandikie faraghani.