Kwa wanaoanza semina ya historia ya Marekani, 1800–1840

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimemaliza kusahihisha insha zenu, na karibu nusu yenu mmerudia hoja ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuitetea: kwamba mashine ya kuchambua pamba ilidhoofisha utumwa.

1. Louisiana ilinunuliwa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, Thomas Jefferson akiwa rais, msimpe Andrew Jackson, aliyekuwa rais kuanzia 1829.

2. Katika uchaguzi wa rais wa 1824 Jackson aliongoza kwa kura 99 za wajumbe wanaomchagua rais, lakini hakufikisha 131 zilizohitajika, ndipo Baraza la Wawakilishi likamchagua John Quincy Adams.

3. Msiusome uvumbuzi peke yake. Nikiwa mwaka wenu nilisimama mbele ya semina nikadai kwamba mashine ya kuchambua pamba, ambayo Eli Whitney alipewa hataza yake mwaka 1794, ilipunguza kazi ya mikono na hivyo ikadhoofisha utumwa. Mwalimu hakunibishia. Aliniomba tu nisome sensa kwa sauti: watumwa karibu 700,000 mwaka 1790, karibu milioni 2.5 mwaka 1840, ingawa kuwaingiza kutoka nje kulipigwa marufuku tangu 1808. Sauti ilinikauka. Alama nilizopoteza hazikuniuma kama kutambua kwamba nilikuwa nimewasemea watu hao bila hata kuwahesabu. Mashine ilitenganisha mbegu na nyuzi, basi. Kupanda, kupalilia na kuchuma kulibaki mikononi mwao. Kikwazo cha kuchambua kilipoondoka, pamba ya nyuzi fupi ikaanza kulipa hata mbali na pwani, na wenye mashamba wakaitamani ardhi ya Alabama na Mississippi, iliyokuwa ya wenyeji wa asili: Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Sheria ya 1830 ikampa Jackson mamlaka ya kuwahamishia wenyeji magharibi ya mto Mississippi, na Wacherokee, nao wenyeji, walipofukuzwa Georgia mwaka 1838, maelfu walifia njiani. Ninyi mmeandika aya ya siasa, aya ya uvumbuzi na aya ya upanuzi, kana kwamba ni nchi tatu!

4. Fuateni bidhaa hadi mwisho wa safari yake. Bibi yangu aliita shuka nyeupe nzito merikani, nami nilichelewa kujua kwamba jina hilo lilitokana na nguo za pamba ambazo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walizileta Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said.

Insha zenu ziko ofisi ya idara. Aya ya pamba iandikwe upya kabla ya Alhamisi, nanyi mwanzie shambani.