Maswali ya Wasomaji: Mtoto Akiugua Safarini, Bima Hulipa Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mwezi Desemba mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulikwenda Dubai kwa mapumziko ya siku saba, tukiwa tumekata bima ya safari ya familia hapa Dar es Salaam. Siku ya tano mtoto wetu mdogo, mwenye umri wa miaka sita, alishikwa na homa na kutokwa na vipele, na daktari wa kliniki iliyo karibu na hoteli akathibitisha kuwa ni tetekuwanga. Shirika la ndege lilikataa kumpandisha mpaka vipele vyote vikauke, kwa hiyo sote wanne tulibaki hotelini siku sita zaidi, kisha tukanunua tiketi mpya za kurudi. Kampuni ya bima imetujibu kwa simu kwamba hailipi chochote, kwa kuwa virusi vya tetekuwanga huingia mwilini siku nyingi kabla ya vipele kuonekana, na kwa hiyo mtoto alikuwa tayari mgonjwa tulipoondoka nyumbani. Je, hoja hiyo inasimama? — Baba wa watoto wawili, Mbezi, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu virusi kampuni imesema kweli, lakini kuhusu bima, kwa maoni yangu, imekosea. Tetekuwanga hujitokeza kati ya siku 10 na 21 tangu mtu aambukizwe, kwa hiyo mtoto aliyetokwa na vipele siku ya tano ya safari aliambukizwa akiwa bado nyumbani, pengine shuleni. Hata hivyo, kinachoamua malipo si siku ambayo kirusi kiliingia mwilini, bali ni maana ambayo mkataba wenyewe umeyapa maneno "ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari". Fungua sehemu ya fasili, ambayo kwa kawaida ndiyo wasomaji huiruka, uisome neno kwa neno. Katika mikataba mingi ugonjwa wa namna hiyo ni ule ambao mtu alikwisha kumwona daktari kwa ajili yake, au alikwisha kupewa dawa, au alikuwa na dalili ambazo mtu yeyote makini angezitilia maanani, ndani ya muda uliotajwa kabla ya kukata bima. Mtoto aliyepanda ndege akiwa hana homa wala kipele, na ambaye hakuna daktari aliyekuwa amemtibu, hayumo katika fasili hiyo.

Ipo pia kanuni ya msingi ya bima, ambayo ni ya nia njema kabisa baina ya pande zote mbili. Anayekata bima anawajibika kueleza kila jambo muhimu analolijua kuhusu afya ya wanaosafiri, lakini hawezi kulaumiwa kwa kutokueleza jambo ambalo hakulijua. Kama hoja ya kampuni ingekubaliwa, basi surua na matubwitubwi navyo visingelipwa katika siku za mwanzo za safari yoyote, kwa kuwa maradhi hayo yote hujificha mwilini kabla ya kujitokeza, na sijui ni mzazi gani angenunua bima kama hiyo iwapo angeambiwa hivyo dukani. Wala kampuni isije ikakugeuzia hoja kwamba hukumchanja mtoto, kwa maana chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini Tanzania.

Kuna jambo moja tu linaloweza kukuharibia. Mikataba michache imeandikwa kwa upana zaidi, ikisema kwamba haikingi ugonjwa wowote ambao chanzo chake kilitangulia safari, "ujulikane au usijulikane". Ukikuta maneno hayo katika hati yako, kazi yako itakuwa ngumu, ingawa bado unaweza kuuliza kama ulionyeshwa sharti hilo kabla ya kulipa. Usipoyakuta, iandikie kampuni barua ukiitaka ikutajie kwa maandishi namba ya kifungu inachokitegemea. Jibu la simu si jibu. Kampuni inayotaka kujitoa katika malipo kwa kutumia sharti la kutolipa ndiyo yenye wajibu wa kuonyesha kwamba sharti hilo linahusika, na neno lenye utata katika mkataba husomwa kwa faida ya aliyekata bima, kwa kuwa siye aliyeliandika.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa sitakupa matumaini yasiyo na msingi. Gharama za kliniki pengine ni ndogo, na huenda zikamezwa na kile kiasi cha kwanza ambacho kila mkata bima hujilipia mwenyewe. Mzigo mkubwa ni hoteli na tiketi, na vitu hivyo viwili havimo katika kinga ya matibabu, bali katika sehemu nyingine ya mkataba inayohusu kurefushwa kwa safari kwa amri ya daktari. Sehemu hiyo mara nyingi hulipia mgonjwa na mtu mzima mmoja wa kukaa naye. Kwa hiyo kampuni inaweza kusema, tena kwa haki, kwamba wewe na mtoto mkubwa mngeweza kurudi siku iliyopangwa, kwa kuwa hamkuwa na dalili yoyote. Kama mlibaki kwa sababu ya msingi, kwa mfano daktari alishauri mtoto mkubwa naye aangaliwe kwa hofu kwamba ameambukizwa, ushauri huo uwe umeandikwa katika taarifa yake. Kama haukuandikwa, jiandae kulipwa hoteli na tiketi za watu wawili badala ya wanne.

Vilevile, uliza shirika la ndege kuhusu zile tiketi za awali ambazo hamkuzitumia. Mashirika mengi hurudisha angalau kodi za uwanja wa ndege, na mengine hupunguza au kufuta ada ya kubadili tarehe abiria anapoonyesha cheti cha daktari. Kampuni ya bima itakuuliza jambo hilo na kukata chochote ulichorudishiwa au ambacho ungeweza kurudishiwa.

Katika barua yako ambatisha taarifa ya daktari inayotaja tarehe ya dalili ya kwanza na tarehe ambayo mtoto aliruhusiwa kusafiri, uthibitisho wa shirika la ndege kwamba lilimkatalia, pamoja na risiti zote. Risiti za dirhamu hazitakusumbua ikiwa mkataba wako unahesabu kwa dola, kwa sababu dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye kiwango cha 3.6725 kwa dola moja tangu mwaka 1997. Ubishi huja wakati wa kugeuza dola kuwa shilingi, hivyo taja mapema kwamba unataka kiwango cha siku uliyolipa. Kuhusu simu ya dharura ya kampuni ya bima, hukueleza kama mliipiga kabla ya kuongeza siku za hoteli. Kama hamkuipiga, liseme wazi, kisha uombe kampuni ieleze ni gharama gani ingepungua kama ingejulishwa mapema, kwa kuwa hata yenyewe isingeweza kumpandisha ndege mtoto mwenye tetekuwanga.

Kampuni ikishikilia msimamo wake, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama huu wako. Atataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe na kwamba unalo jibu lake la maandishi.

SWALI: Mshauri mpendwa, mwanangu wa miaka tisa ana selimundu. Likizo ya Desemba tunakusudia kumtembelea dada yangu Hamburg, na wakala ameniuzia bima ya bei nafuu akisema kwamba inatosha kwa viza. Je, akipatwa na maumivu huko tutalipiwa hospitali? — Mama wa Mombasa.

JIBU: Dada yangu, wakala amekwambia kweli kuhusu viza, lakini viza si hospitali. Sheria ya viza za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwamo, inadai bima yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, inayotumika katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa safari, na inayogharimia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya au kifo. Mikataba mingi ya bei nafuu hutimiza sharti hilo huku ikiacha nje ugonjwa wowote unaojulikana. Ukiwa na mkataba wa namna hiyo, mtoto akivunjika mkono atalipiwa, lakini akilazwa kwa maumivu ya selimundu bili itakuwa yako.

Usiufiche ugonjwa ili kupunguza bei, kwa kuwa kumbukumbu za kliniki yake zitaonekana siku ya kwanza ya madai, na kampuni inaweza kuubatilisha mkataba mzima. Utaje selimundu kwa jina, na uombe waraka unaosema wazi kwamba dharura zitokanazo nao zinakingwa, hata kama utaongezewa malipo. Omba pia kinga ya kuahirisha safari kwa sababu hiyo hiyo, na uinunue siku ile ile unayolipia tiketi, maana anaweza kulazwa wiki moja kabla ya kuondoka.

Mwone daktari wake mapema. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na baridi ya Hamburg mwezi Desemba ni kichocheo kinachojulikana cha maumivu hayo, kwa hiyo muulize kama mtoto atahitaji oksijeni, kisha umwombe barua ya Kiingereza yenye orodha ya dawa zake. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi. Wakala akikujibu kwamba kampuni imekubali, usilipe mpaka uone jina la mtoto na neno selimundu, kwa lugha yoyote iliyotumika katika hati, vimeandikwa kwenye mkataba wenyewe.