Maswali ya Wasomaji: Diski Haionekani Wakati wa Kusakinisha Windows

SWALI: Mhariri, salaam. Nimejiundia kompyuta ya mezani kwa vifaa nilivyonunua kidogo kidogo: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 12, RAM ya GB 16 na diski ya NVMe ya GB 500. Kompyuta inawaka vizuri, na katika BIOS naiona diski kwa jina lake. Nimeazima flashi ya Windows 10 kwa rafiki yangu, lakini kila nikifika mahali pa kuchagua diski, orodha inatokea tupu. Fundi wa hapa mtaani amesema diski ni mbovu, niirudishe dukani. Vilevile sina namba ya leseni; je, naweza kuendelea bila hiyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usiirudishe diski hiyo kwanza. Diski iliyokufa kwa kawaida haijitambulishi katika BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, kwa jina na ukubwa wake. Maadamu yako inajitambulisha, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima na kwamba kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kidhibiti kiitwacho VMD, ambacho kazi yake ni kusimamia diski za NVMe, hasa pale mtu anapotaka kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kidhibiti hicho kikiwa kimewashwa, na katika baadhi ya kompyuta huja kikiwa kimewashwa tangu kiwandani, diski hukaa nyuma yake, na programu ya kusakinisha isiyo na draiva yake haiwezi kuiona hata kidogo. BIOS huiona kwa sababu ina draiva yake yenyewe; flashi ya rafiki yako haina.

Kabla ya kulishughulikia hilo, achana na Windows 10. Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida, yakiwemo masasisho ya usalama ya bure, tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako ina uwezo wote wa kutumia Windows 11. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote, kisha pakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe programu ya kutengenezea flashi ya kusakinishia. Andaa bando la kutosha, maana mafaili yake yanazidi GB 5.

Ukiwa na flashi mpya, bado huenda orodha ikatokea tupu, na hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu unapowasha, kutafuta kipengele cha VMD, ambacho mara nyingi kimefichwa katika mipangilio ya ndani zaidi, kukizima, kuhifadhi mabadiliko na kuwasha upya. Ya pili ni kukiacha kikiwa kimewashwa, kupakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza ubao mama wako, na kuiweka katika flashi. Ukifika kwenye orodha tupu, bofya kitufe cha "Load driver" na uionyeshe folda ilipo. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaweka faili la zip kama lilivyo, ilhali programu ya kusakinisha hutafuta mafaili yenye kiendelezi cha inf. Ni lazima ulifungue faili hilo kwanza na kunakili folda iliyomo ndani. Kwa mtu mwenye diski moja tu, mimi ningezima VMD na kuendelea na safari. Ila uamuzi huo ufanyike sasa, kabla ya kusakinisha, kwa sababu ukija kuubadilisha baadaye Windows inaweza kukataa kuwaka.

Katika menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, ambayo hufunguliwa kwa F8, F11 au F12 kutegemea ubao mama, flashi moja huweza kuonekana mara mbili. Chagua ile iliyotanguliwa na neno UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Ikiwa una diski nyingine ndani ya kasha, chomoa waya wake kwa muda, maana Windows ina tabia ya kuweka sehemu ya kuwashia katika diski usiyoikusudia, na siku utakapoiondoa diski hiyo kompyuta haitawaka. Ukishaiona diski mpya imeandikwa kuwa ni nafasi isiyogawiwa, ichague hivyo hivyo na uiache Windows ijigawie yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii utaanza upya tu, hakuna hasara nyingine. Usasishaji wa BIOS ni jambo tofauti kabisa. Huo usiufanye bila UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika.

Mwishoni Windows 11 itadai intaneti na akaunti ya Microsoft, na si ajabu ikawa haina draiva ya Wi-Fi yako. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe huduma ya kusambaza intaneti kwa njia hiyo. Kompyuta huitambua kwa kawaida bila draiva ya ziada.

Kuhusu leseni, bofya mahali panaposema kwamba huna namba, na uchague toleo lile lile unalokusudia kulinunua, Home au Pro. Windows itafanya kazi, ingawa itakuwekea maandishi ya ukumbusho pembeni mwa skrini na kukuzuia kubadilisha mandhari. Jiepushe na zile programu za kuifungua bure zinazozunguka katika flashi za mafundi: nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na hilo peke yake linatosha kukujulisha nia yake.

SWALI: Nimeunda kompyuta kwa prosesa iliyotumika, AMD Ryzen 5 1600. Windows 11 inasema kompyuta haikidhi masharti. Je, nikiwasha TPM katika BIOS itakubali?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La. Kuwasha TPM, yaani kinga ya usalama ambayo Windows 11 huidai na ambayo katika ubao wa AMD huitwa fTPM, huwasaidia wenye prosesa zilizomo katika orodha ya Microsoft, na Ryzen za kizazi cha kwanza hazimo. Zipo mbinu za kukwepa ukaguzi huo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta za namna hiyo, nami siwezi kumshauri mtu aweke kazi zake humo. Prosesa yako bado ina nguvu nzuri. Sakinisha Ubuntu 24.04, toleo la Aprili 2024 lenye huduma ya miaka 5. Liwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, ujaribu sauti, Wi-Fi na printa yako, na uhakikishe kwamba programu unazozitegemea kazini zinapatikana humo.