Kamera ivuke Darajani

Swali lenu la wiki hii linauliza kama filamu fupi za vijana wa Zanzibar zinauonyesha vya kutosha mji unavyobadilika na yale tunayoyapoteza. Zinaonyesha, ila nyingi zinalilia nusu moja ya mji, tena ile ambayo tayari ina waliaji.

Kaa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar. Ikianza filamu ya kwetu, unaweza kubahatisha kinachokuja: mlango wa nakshi, bibi kizee barazani, jahazi, jua linazama, kisha droni inapaa juu ya mapaa (droni siku hizi haikosi). Sibezi. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la huko, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walifariki. Pana la kuliliwa. Lakini wengi wetu hatulali huko. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ya 2022 ikakuta 1,889,773, na nusu hivi ya ongezeko hilo ni la Mkoa wa Mjini Magharibi. Hao wamejenga nje hata ya Ng'ambo, ule upande wa mji ulio ng'ambo ya Darajani ukitoka Mji Mkongwe, kulikokuwa na mihogo na minazi. Nani anawapiga picha?

Chukua Michenzani, huko Ng'ambo. Majumba yale marefu yalijengwa miaka ya 1970, kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, juu ya mitaa iliyobomolewa ili yapate nafasi. Mtu aliyehamia humo aliacha uwanja, kuku na jirani wa ukuta kwa ukuta; akapata umeme na choo cha ndani. Leo wajukuu waliozaliwa humo wakisema "kwetu", wanakusudia zege lile lile. Hapo ndipo penye hadithi, kwa sababu aliyepoteza na aliyepata ni mtu mmoja. Kwahani nako nyumba za zamani zimevunjwa kupisha maghorofa, na sijasikia muziki wa huzuni ukipigwa kwa ajili ya kuta zile za bati na udongo.

Ningekuwa na kamera nisingeanza na ukuta. Ningeuliza mambo ya ndani: kwenye ghorofa, jeneza linashushwaje kwenye ngazi nyembamba? Sufuria za pilau ya harusi zinapikiwa wapi? Wanawake wanaokuja kuhani wanakaa wapi kama hakuna uani? Mzee aliyezoea kucheza bao kila alasiri, akihamishiwa juu, anashuka kwenda wapi? Dakika kumi zinamtosha mtengenezaji mzuri kulifuata hata moja tu kati ya hayo mpaka mwisho.

Kuhusu pa kuzionyesha filamu hizo, sinema za Majestic, Empire na Cine Afrique zilishafungwa; Empire imekuwa duka kubwa. Tamasha ni mara moja kwa mwaka. Basi filamu ya Michenzani ioneshwe Michenzani, usiku, kwenye ukuta wa jumba lenyewe, watoto wapige kelele wakimuona jirani yao.

Ombi la mwisho kwa vijana: maandishi ya Kiingereza yakae chini kwa ajili ya wageni, hakuna tatizo. Ila mama na mwanawe wanaogombana jikoni Kwahani wasigombane kwa Kiingereza.

Msomaji, Unguja