Watoto wa mbwa wanalia usiku kucha asubuhi wamekufa, mama yao mzima: ni ugonjwa gani?

SWALI: Mbukwa dokta. Mimi niko Nzuguni hapa Dodoma. Jike langu la jamani shepadi kazaa watoto nane, ndo uzao wake wa kwanza, wote walikua wanene wananyonya vizuri. Siku ya tisa wawili wakaanza kulia mfululizo hawanyamazi, ziwa hawataki, kulipokucha wamekufa, jioni wakafata wengine wawili. Mama yao hana shida yoyote, anakula anabweka kama kawaida. Duka la dawa za mifugo walinipa OTC, ile antibayotiki ya sindano, nikawachoma wote, wapi. Jirani anasema ni parvo, mke wangu anasema maziwa ya mama yao yana sumu niwatenganishe. Wamebaki wanne. Nifanyeje, na huyu jike niendelee kumzalisha au nimuuze tu? Alafu wanangu wanawashikashika hao mbwa, hawawezi kuambukizwa?

JIBU: Mbukwa kaka, pole sana kwa hasara. Ngoja nianze na hao wanne mana ndo wenye haraka, jina la ugonjwa litakuja baadae.

Usiku huu watie joto. Sio joto la kujisikia wewe mtu mzima umekaa na sweta, namaanisha pale chini wanapolala pawe nyuzi 32 mpaka 35, na Dodoma mwezi wa sita wa saba usiku inashuka hadi kwenye 13 au 14 na ule upepo wetu unaujua, sakafu ya simenti inawanyonya joto lote hata kama wana mama. Tafuta boksi la pembeni ndefu, tandika gazeti nyingi alafu blanketi, jaza maji ya moto kwenye madumu ya lita tano funga vizuri yazungushie kanga ngozi isiguse plastiki moja kwa moja, yaweke upande mmoja tu wa boksi ili anaeona joto limezidi ahamie upande mwingine. Kama una umeme wa uhakika taa ya joto wanayotumia wafuga vifaranga inafaa, itundike juu vya kutosha. Ila jiko la mkaa chumbani marufuku, hewa yake itaua mbwa na itakuua na wewe.

Alafu kanunue kipima joto cha dijitali duka la dawa, kipake mafuta kidogo, ingiza ncha tu kwenye njia ya haja kubwa. Tunataka kitoto akae kwenye nyuzi 37 na nusu mpaka 38 na nusu. Ukimkuta yuko chini ya 35 USIMPE MAZIWA, hilo watu wengi wanakosea kwa huruma, mtoto wa baridi utumbo wake umesimama, maziwa yanabaki tumboni yanachacha au yanarudi yanaingia kwenye mapafu, anakufa kwa hayo. Mpashe joto taratibu kwa saa moja mpaka tatu, mpake glukosi kidogo kwenye ufizi, akishapata joto na kuanza kutafuta ziwa ndo arudi kwa mama yake.

Sasa ugonjwa. Kwa ulivoeleza, umri wa siku tisa, kilio kisichoisha, kuacha ziwa, kufa ndani ya siku moja au mbili, mama mzima wa afya, uzao wa kwanza, mimi mtu wa kwanza kumshuku ni herpes ya mbwa. Ni virusi, vilielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1965, na viko karibu kila sehemu yenye mbwa duniani. Mbwa mkubwa akiipata mara nyingi huwezi hata kujua, labda kamafua kidogo au vipele sehemu za siri, basi, alafu virusi vinajificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yake yote vinasubiri siku amechoka au ana mimba au kahamishwa nyumba. Shida ni kwa hawa wa chini ya wiki tatu.

Na sababu ni joto hilo hilo. Virusi hivi vinazaliana vizuri kwenye nyuzi 35 mpaka 37, mbwa mkubwa yuko kwenye 38 na kitu kwaiyo kwake vinaishia puani na ukeni haviendi mbali. Kitoto wa wiki ya kwanza mwili wake uko 35, 36, hawezi kutetemeka kujipasha, hawezi hata kupandisha homa, kwaiyo vinaingia kwenye damu vinatapakaa ini, figo, mapafu, ubongo. Ndo mana ukimshika anaeumwa unamkuta wa baridi wakati wewe unategemea homa.

Vitu vya kuangalia kwa hao wanne: kulia bila sababu hata akiwa ameshiba, tumbo gumu na anaumia ukiligusa, kinyesi laini cha njano kwenda kijani au kijivu, pumzi za shida, mafua wakati mwingine. Fungua mdomo uangalie ufizi, ukiona vidoti vyekundu vidogo vidogo vya damu iliyovilia ndani hiyo ni dalili mbaya sana. Wapime uzito pia kila asubuhi na mzani wa jikoni, anatakiwa aongezeke kila siku, anaebaki palepale au kushuka ndo anaekuaga hata kabla hajaanza kulia.

Lakini sitaki uchukue maneno yangu kama hukumu. Kuna vinavofanana. Kitoto aliepigwa baridi tu analia hivohivo. Maambukizi ya bakteria kupitia kitovu nayo yanaua kwa kasi, na hapo antibayotiki inasaidia kweli. Minyoo ya safura inapita kwenye maziwa ya mama inanyonya damu mpaka ufizi unakua mweupe kabisa, kwaiyo ukiona weupe fikiria huko. Parvo tunayoijua ya kuhara damu kwa kawaida inakuja baadae, kuanzia wiki ya sita hivi kinga ya mama inapopungua, jirani yako yuko sahihi kuiogopa ila umri haukubali.

Njia ya kujua ni kupasua. Mmoja akifa leo usimzike, muweke kwenye mfuko msafi ndani ya friji, SIO friza, barafu inaharibu nyama hatuoni kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya siku hiyohiyo. Kitu cha kwanza anachoangalia ni figo. Figo la kitoto mzima ni laini lina rangi moja, la alieuliwa na herpes lina madoa mekundu ya damu yametapakaa kama yai la kware, ukilikata unaona yameingia mpaka ndani, na ini na mapafu nayo yana madoa, bandama limevimba. Ukishaona vile na historia kama yako unakua na uhakika mkubwa, alafu vipande vinaweza kwenda TVLA, ile maabara ya mifugo ya serikali, au chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro kuthibitisha.

Matibabu sasa, nitakwambia ukweli. Alieanza kulia na kuacha ziwa mara nyingi hatumuokoi, na wachache wanaopona wanaweza kubaki vipofu, au wanayumba wakitembea, au figo zikaja kusumbua mbele ya safari. OTC haiui virusi, na kwa kitoto wa umri huo inachafua meno na kugusa mifupa, kwaiyo usirudie. Usiwape paracetamol wala diclofenac. Na kama yule wa dukani atakuletea ivermectin kwa ajili ya minyoo, kataa, ubongo wa kitoto haujajengeka kuizuia.

Vya kujaribu kwa ambao bado hawajaumwa viko viwili zaidi ya joto. Kwanza seramu, yani daktari anatoa damu ya mbwa aliepitia ugonjwa huu, hata huyo mama yao mana kinga yake sasa inapanda, anatenganisha maji ya juu anawachoma tumboni kidogo kidogo. Inafanya kazi kama imewahi, dalili zikishaanza ni kupoteza muda. Pili ni dawa ya binadamu ya herpes, acyclovir, baadhi ya madaktari wanaitumia na kuna walioona nafuu, ushahidi wake mdogo. Dozi siandiki hapa, kitoto ambae hajafika kilo ukikosea hesabu ya kidonge umemmaliza, daktari ampime akupe.

Maziwa ya mama hayana sumu, mwambie shemeji awaache. Sa hivi mama yao anatengeneza kinga na wanaipata kidogo humo, ukiwaachisha ukawapa maziwa ya ng'ombe umewaongezea njaa na baridi juu yake.

Jike usimuuze. Hapa ndo watu wanapoteza mbwa wazuri. Aliepoteza uzao kwa herpes kwa kawaida uzao unaofata unasalimika, mana kinga anayo na anawapitishia kwenye yale maziwa ya mwanzo. Wanaopigwa ni kama wako, jike ambae hajawahi kukutana na virusi alafu anakutana navyo ana mimba kubwa au kanyonyesha juzi. Na anakutana navyo wapi? Sanasana kwenye kumpeleka kwa dume, au mbwa wengine wanaoingia uani, au wateja. Tangu Dodoma ijae wajenzi na kila nyumba mpya Ihumwa na Mtumba inataka mbwa wa ulinzi, watu wanaingia kuchagua watoto hawajafungua hata macho, katoka kushika mbwa wake asubuhi anakuja kushika wako. Mimi ningewafungia geti tu, picha wanatumiwa kwa simu.

Kwaiyo uzao ujao jike akae peke yake wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki tatu baada, hakuna mbwa mgeni, hata mbwa wako mwingine atengwe. Chanjo ya herpes ipo Ulaya, anachomwa mama mara mbili kwa kila mimba, ila ile chanjo ya mchanganyiko anayochomwa mbwa wako hapa haina herpes, H iliyoandikwa pale ni ya homa ya ini. Mpe hiyo kama kawaida kabla ya kumpandisha.

Usafi sio mgumu, virusi hivi ni dhaifu vikiwa nje ya mbwa, sabuni vinakufa, jiki ya kawaida iliyochanganywa na maji vinakufa. Osha banda, matandiko ya zamani choma moto.

Wanao hawatapata, herpes ya mbwa haimuambukizi binadamu. Ila kwa sasa wasiwashike, kwa ajili ya hao watoto wa mbwa, kila wakinyanyuliwa kwenye boksi wanapoa. Nitumie namba za joto na uzito wa kila mmoja kesho asubuhi, na ufizi wapige picha ukiwa kwenye mwanga wa jua.