Kura yako Uingereza: anza na jimbo lako, si na Waziri Mkuu

Nilikaa Uingereza miaka tisa bila kupiga kura hata moja. Hakuna aliyenikataza. Nilidhani tu kwamba mpaka uwe na pasipoti yao ndiyo uruhusiwe, na sikuwahi kumuuliza mtu.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja Mkenya ambaye tunafanya naye shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2024, siku chache baada ya Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, kusimama na mvua nje ya ofisi yake ya Namba 10 Downing Street na kutangaza kuwa uchaguzi ni tarehe 4 Julai. Saa tisa usiku, tukiwa tunakunja mashuka, akaniuliza kama nimejiandikisha. Nikamwambia mimi ni Mtanzania. Akasema, "Kwani mimi ni Mwingereza?"

Basi lijue hili kwanza, ndugu yangu. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, aliyetimiza miaka 18 na anayeishi Uingereza kihalali, anaruhusiwa kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Viza ya kazi inatosha, ya masomo pia. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo mpaka wachukue uraia, na hilo huwa linanisikitisha, maana boksi tunabeba pamoja. Kwetu Watanzania haki hii ina uzito wa peke yake: sheria ya nyumbani haitambui uraia pacha, na ukiwa huku kura ya nyumbani huipigi. Hii ndiyo kura pekee tuliyo nayo. Kujiandikisha mtandaoni ni dakika tano, uwe tu na namba yako ya National Insurance, ile ya bima ya taifa. Usisubiri uchaguzi utangazwe. Mwaka 2024 mwisho wa kujiandikisha ulikuwa 18 Juni, na najua watu watatu waliokumbuka tarehe 20.

Haya, umeshajiandikisha. Kura umpe nani?

Mimi nilianza vibaya. Nilikaa mbele ya televisheni nikiwapima Sunak na mpinzani wake Keir Starmer, kiongozi wa chama cha Labour, nani anaongea vizuri, nani anaonekana ana huruma. Nikamsimulia Sunak hadi mama yangu kwa simu, kwamba baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, tukafurahi kama vile ni jirani. Wiki mbili zikapita hivyo. Kumbe kwenye karatasi yangu ya kura hakuna Sunak wala Starmer. Nchi imegawanywa majimbo 650, kila jimbo linatoa mbunge mmoja, na anayeongoza ndiye anayechukua kiti, hata kama nusu ya kura hajaifikia. Waziri Mkuu hupatikana baadaye, kwa chama chenye wabunge wa kutosha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani aongoze nchi, uliza kwanza: kwenye jimbo langu mbio ni za nani na nani?

Angalia kilichotokea mwaka huo. Chama cha Reform UK kilipata kura zaidi ya milioni nne nchi nzima, asilimia 14 hivi, kikaambulia viti vitano. Chama cha Liberal Democrats walipata asilimia 12 tu, lakini kura zao zilikuwa zimekusanyika kwenye majimbo yaliyowafaa, wakaondoka na viti 72. Labour wao kwa theluthi moja ya kura walichukua zaidi ya viti 400. Huko South West Norfolk, jimbo la Liz Truss aliyekuwa Waziri Mkuu, mshindi alipita na asilimia 26.7. Na Hendon, kaskazini mwa London, Labour walishinda kwa kura 15. Kumi na tano! Huo ni ukoo mmoja uliokwenda kituoni au uliobaki umelala.

Kujua jimbo lako lilivyo si kazi kubwa. Tafuta matokeo ya uchaguzi uliopita, uone wa kwanza na wa pili walipishana kwa kura ngapi. Ila hakikisha mipaka haijabadilishwa, maana 2024 majimbo mengi yalichorwa upya, letu likiwemo. Na vipeperushi visome kwa macho mawili. Mlangoni kwangu kiliangushwa kimoja chenye chati kubwa ya rangi, eti hapa ni chama chao tu kinachoweza kushinda. Nilikiweka kwenye meza ya jikoni nikavaa miwani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, waliandika kwamba takwimu ni za uchaguzi wa madiwani. Madiwani! Udiwani ni habari ya taka, maktaba na barabara za mtaa, na watu huchagua huko kwa sababu nyingine kabisa. Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma kila karatasi mpaka chini.

Sasa swali la kuwauliza wagombea. Ushauri wangu ni kwamba ilani za vyama usizianze ukurasa wa kwanza, utalala. Chukua jambo moja unalolijua kwa maisha yako mwenyewe, kisha litafute humo. Kwangu lilikuwa la familia. Machi 2024 mfanyakazi wa kutunza wazee aliyekuwa akiingia kwa viza ya kazi hiyo alizuiwa kuja na mwenzi wala watoto. Mwezi uliofuata, kipato cha anayetaka kumleta mume au mke kilipandishwa kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi 29,000. Hesabu hiyo sihitaji mtaalamu anifafanulie. Tunalipwa kwa saa, na naijua sura ya yule dada wa shifti kila anapomaliza kuongea na mwanawe aliyebaki kwa bibi yake Kisii. Kama wewe jambo lako ni kodi ya nyumba, au ada ya chuo, au baba yako anayesubiri upasuaji, anza na hilo. Ila ukiwa Scotland au Wales kumbuka afya na elimu zinaamuliwa na mabunge yao, si Westminster, yaani bunge la London.

Niliwaandikia wagombea wote sita barua pepe fupi yenye swali langu: sheria hii ya kuzuia familia mtaifanya nini? Watatu hawakujibu. Wawili walinirudishia aya iliyokatwa kutoka kwenye ilani. Wa sita, wa chama kidogo, alinipigia simu jioni ninajiandaa kwenda kazini. Akaniuliza yule mtoto wa Kisii ana umri gani. Akasema wazi kwamba chama chake kingeifuta sheria ile, na akakiri kuwa serikali hawataiunda.

Hapo ndipo kura iliponiwia ngumu. Moyo ulikuwa kwa yule wa simu, na jimbo letu lilikuwa kati ya wawili wengine. Kwenye kundi letu la WhatsApp sauti za kila namna zikamiminika: fulani ni Muislamu mwenzetu, fulani ni mweusi mwenzetu, chama fulani kimeahidi viza kwa wote (ambayo haikuwemo kwenye ilani yoyote, niliitafuta). Nikazima simu. Nikajiuliza swali moja tu: kati ya hawa wawili wenye nafasi ya kweli, kuna ambaye akishinda nitaumia zaidi? Kama wote ni sawa kwako, mpe unayempenda, wala usikubali kuambiwa umeitupa kura. Mgombea huweka dhamana ya pauni 500 na hairudishiwi asipozidi asilimia 5 ya kura, kwa hiyo hata chama kidogo kinaihitaji kura yako. Lakini kwangu mimi hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa anaitetea sheria ile. Nilimpigia mpinzani wake, na yule wa simu nikamwacha. Iliniuma, na mpaka leo sina uhakika kama alistahili kutendwa hivyo.

Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, kwa hiyo nilipitia pale nikitoka shifti. Nenda na kitambulisho chenye picha. Pasipoti yangu ya Tanzania ilikubaliwa bila neno, na asiye na chochote anaweza kuomba mapema cheti cha bure. Mlangoni unaweza kumkuta mtu mwenye beji ya chama anakuuliza namba yako ya mpiga kura. Si ofisa, na hulazimiki kumjibu. Hakuna wino wa kidole. Kuna penseli iliyofungwa kwa uzi, na unaweka alama ya X moja. Nilitazama majina sita, nikalisoma la yule wa simu mara mbili.

Aliyeshinda nilimwandikia wiki ya tatu ya Julai, barua ya kurasa mbili kuhusu mtoto wa Kisii, na mwenzangu akatia saini yake pale chini. Wiki ya pili ya Agosti tuliitwa ofisini kwake Ijumaa, siku anayosikiliza watu wa jimbo. Aliifungua barua, ilikuwa imepigiwa mistari kwa kalamu ya bluu. Alituahidi kuandika Home Office, wizara ya mambo ya ndani, na nakala ya alichoandika alituletea. Hadi ninapoandika haya, mtoto bado yuko kwa bibi yake, na barua yangu ya nne kwa mbunge iko mezani, nitaituma Jumatatu.